Watumwa Katika Kumbukumbu za Uluguru

Maandishi juu ya utumwa wa Afrika ya Mashariki si machache. Tajiri aliandika deni na bei. Nahodha wa manowari aliandika hesabu ya majahazi aliyoyakamata. Msafiri aliandika mambo aliyoyaona njiani na huruma iliyomshika. Padri aliandika ubatizo, ndoa na mazishi. Serikali iliandika amri. Mtu aliyefungwa kamba hakuandika kitu. Kwa hiyo wingi wa karatasi usidhaniwe kuwa ni wingi wa habari zake. Waswahili husema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo hutumika zaidi watu wanapogawana mali, lakini yafaa vilevile wanapogawana historia. Anayetaka kuandika maisha ya watumwa hana budi kuiuliza kila karatasi maswali matatu: imeandikwa na nani, imeandikwa kwa ajili ya nani, na mtumwa amewekwa mahali gani katika sentensi zake.

Swali la tatu ni la mwanafunzi wa lugha kuliko la mwanahistoria, na pengine ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Neno lenyewe mtumwa limetokana na kitendo cha kutuma, nalo limo katika kauli ya kutendwa: mtumwa ni yule anayetumwa. Maandishi mengi juu yake yamefuata kauli hiyo bila kuiacha hata mara moja. Alitekwa, aliuzwa, alinunuliwa, alikombolewa, alibatizwa, aliozwa, alizikwa. Maovu na mema yote yanamfikia kutoka kwa wengine, naye hatendi lolote. Lakini Kiswahili kina neno la pili, mtoro, lililotokana na kutoroka, na neno hilo ni la mtu anayetenda. Baina ya maneno haya mawili ndiko yaliko maisha yanayotafutwa. Kazi ya mchambuzi ni kusoma polepole mpaka aone mahali ambapo kauli inabadilika.

Matombo, katika wilaya ya Morogoro, ni mahali pafaapo kulijaribu jambo hili. Tarafa hiyo imekaa katika miteremko ya kusini-mashariki ya milima ya Uluguru, na jina lake lasemekana limetokana na vilele vinavyofanana na matiti ya mama. Chini yake nchi inashuka kuelekea Mvuha, Dutumi na Kisaki, yaani upande ambao katikati ya karne ya 19 misafara ya pwani ilipita kwenda bara, ikipumzika Zungomero. Kaskazini mwa milima hiyo palikuwa na mji wa boma wa Kisabengo, mtu aliyesifika kwa uhodari na kuogopwa kwa kuteka watu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipopita aliukuta mji huo mikononi mwa binti yake, Simbamwene. Mtu wa mlimani, basi, alikuwa na hatari pande mbili: akishuka kusini alikutana na misafara, akishuka kaskazini alikutana na watekaji. Baadaye wakaja mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Walianza Bagamoyo mwaka 1868 wakiwa na watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Mwaka 1884 wakafungua Tununguo, mashariki ya milima, na mwaka 1897 wakafika Matombo. Kila mmoja wa wageni hawa aliacha maandishi, na maandishi hayo yanaweza kusomwa kwa zamu.

Maandishi ya kwanza ni ya msafiri. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipita Dutumi wakiwa wagonjwa. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, asimulia kwamba hapo walipata habari za watu waliotekwa, akapeleka watu wake, na mateka wachache wakarudishwa kwao. Miongoni mwao walikuwa vikongwe wawili wa kike, nao walimshukuru kwa machozi. Habari imekwisha. Majina ya vikongwe hao hayamo, wala koo zao, wala jinsi walivyochukuliwa, wala neno hata moja walilolisema kwa lugha yao. Machozi yao yameandikwa kwa sababu yalimwangukia mwandishi. Yamekuwa ushahidi wa wema wake.

Hata hivyo ingekuwa haraka kuitupa karatasi hiyo. Ina mambo mawili ambayo Burton hakukusudia kuyasema. La kwanza ni umri wa wanawake hao. Wengi hudhani ya kuwa biashara ya watumwa ilichukua vijana wenye nguvu tu. Kumbe watekaji wa karibu walichukua yeyote aliyekuwa kondeni au kisimani, hata mzee asiyeweza kufika pwani. La pili ni kwamba walirudishwa kwao. Palikuwa na nyumba iliyowangoja na watu waliowatambua. Utekaji wa hapa haukuwa jambo la mbali lililofanywa na wageni peke yao. Ulikuwa ugomvi wa jirani na jirani, uliopata soko kwa sababu msafara ulikuwa unapita. Msafiri alidhani anaandika fadhila yake, na bila kujua akaandika ramani ya ujirani ulioharibika.

Maandishi ya pili ni masimulizi ya msichana aitwaye Swema. Hakutoka Uluguru, alitoka kwa Wayao, kusini zaidi. Lakini alipitia mikononi mwa shirika lile lile lililokuja kujenga Tununguo na Matombo, na habari zake zaonyesha jinsi shirika hilo lilivyojifunza kuandika juu ya mtumwa. Alichukuliwa kwa ajili ya deni la mama yake. Mama akamfuata katika msafara kwa hiari yake, akachoka, akaachwa njiani. Swema alifika Unguja akiwa karibu kufa, akafukiwa angali na pumzi, akaokolewa na kupelekwa kwa masista. Padri Antoine Horner aliandika habari hizo, na mwaka 1870 zikatolewa kitabu huko Paris kwa lugha ya Kifaransa. Mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers alizitafsiri kwa Kiingereza na kuzipima kwa makini.

Kitabu hicho kilitungwa ili kiwatoe machozi wasomaji wa Ufaransa, na pamoja na machozi, sadaka. Mpango wake wajulikana kwa kila aliyewahi kusoma maisha ya watakatifu: mateso, wokovu, na mwishoni msamaha kwa adui. Mahali pengi Swema asema kama anenavyo padri. Je, sauti yake imepotea kabisa? La. Msomaji azitazame sehemu ambazo mpango wa mahubiri hauzihitaji. Mahubiri yahitaji mtekaji mkatili. Hayahitaji deni la nafaka, wala hesabu ya jinsi mjane anavyokopa, anavyoshindwa kulipa, na jinsi mtoto anavyohesabiwa badala ya mali. Mahubiri yahitaji mama anayeteseka. Hayahitaji mama anayejadiliana na wenye msafara, akiomba achukuliwe kuwa mpagazi ili asitengane na mwanawe. Hapo kauli inabadilika. Mama wa Swema alifuata, aliomba, alibeba. Mambo hayo yametoka kwa mtu aliyekuwapo.

Maandishi ya tatu ndiyo yanayogusa Matombo yenyewe, nayo ni madaftari ya misioni. Kwa desturi ya Kanisa Katoliki, daftari la ubatizo huandikwa tarehe, jina jipya, wazazi, msimamizi na padri aliyebatiza. Daftari la ndoa huandikwa majina ya mashahidi. La mazishi huandikwa siku ya kufa. Pamoja na hayo, mapadri wa shirika hili waliandika kumbukumbu za kila siku za nyumba yao. Kwa mwenye haraka madaftari haya ni makavu kama maganda ya muhogo. Hayana hadithi wala machozi. Lakini ukavu huo ndio fadhila yake, maana karani asiyetaka kumliza mtu hana sababu ya kupamba.

Daftari moja peke yake halisemi mengi. Husema yanapowekwa mawili matatu pamoja. Mtoto anaandikwa Bagamoyo bila majina ya wazazi. Uwazi huo si upungufu wa daftari tu. Ni alama ya aliyetengwa na watu wake. Tununguo ilianzishwa pamoja na nyumba za Wakristo waliotoka Bagamoyo. Kwa hiyo mtu kama huyo aweza kuonekana tena huko, sasa akiwa bwana arusi, kisha baba, kisha msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa jirani. Mambo hayo madogo yana uzito. Mtu hachaguliwi kuwa msimamizi na mzazi asiyemheshimu. Mtoto aliyeandikwa bila baba, akija kuandikwa mara nyingi kuwa baba wa ubatizo wa wengine, amejenga ukoo kwa njia iliyokuwa wazi mbele yake. Daftari halikusudii kusimulia habari hiyo, lakini inasomeka ndani yake.

Na wako walioondoka. Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watumwa na mwanzo wa Ukatoliki katika Afrika ya Mashariki, ameonyesha kwa barua na kumbukumbu za mapadri wenyewe kwamba wengi wa waliokombolewa hawakukaa kimya. Walinung'unika kwa kazi, walidai haki zao, na wengine walitoroka misioni. Padri aliyeandika habari ya kutoroka aliandika kwa uchungu, akihesabu kuwa amepata hasara ya roho na ya mikono. Msomaji wa leo anaona zaidi: huyu aliyekimbia alikuwa na mahali alipotaka kwenda, ama kwao alikokukumbuka, ama kwa mwanamke, ama mjini palipo na ujira. Ikiwa mtu aweza kuwa mtoro hata baada ya kukombolewa, basi yeye na mkombozi wake hawakuwa na maana moja ya neno uhuru. Hakuna sentensi katika kumbukumbu hizo yenye habari nyingi kuliko ile fupi ya kusema fulani ameondoka.

Yafaa kuyalinganisha maandishi hayo na yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe, nayo yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakatolewa tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley katika miaka ya 1958 na 1959. Humo kauli ya kutenda imejaa: nilikwenda, nilipigana, nilichukua. Watu waliochukuliwa wamo pamoja na pembe, kama mzigo wa aina moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, katika Desturi za Waswahili iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, waliandika juu ya watumwa kwa utaratibu mzuri, wakipambanua mzalia na mjinga aliyetoka bara. Lakini jicho lao ni la mji wa waungwana, na mtumwa anaelezwa kwa yale anayopaswa kufanya. Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa mtu aliyeokolewa na kukaa Freretown karibu na Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa. Kitabu hicho kimelaumiwa sana kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo si ya bure. Lakini sifa pia ina sababu zake. Watu wasio na ardhi wala ukoo, wanaokaa katika kijiji walichopewa, hulipa kodi ya maneno kwa aliyewaweka. Mchambuzi akikwisha kuihesabu kodi hiyo na kuiweka kando, kinabaki kitu ambacho Burton na Horner hawakuweza kutoa: watu wa utumwa wakisimuliana wenyewe walikotoka.

Katika utawala wa Wadachi iliongezeka karatasi ya aina nyingine, hati ya uhuru. Wadachi hawakufuta utumwa. Amri ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha, na siku mbili za juma za kufanya kazi kwa faida yake. Amri ya mwaka 1904 iliwafanya huru watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Katika hesabu zao Wadachi waligawanya watu kwa namna walivyopata uhuru: wapo walioachwa na mabwana zao, wapo waliokombolewa na wengine, wapo walioachiliwa na serikali, na wapo waliojikomboa wenyewe. Kundi hilo la mwisho lastahili kusomwa kwa makini. Kiambishi kidogo -ji- kinaonyesha mtu aliye mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Mtu alifanya kazi siku mbili kwa juma, akaweka rupia juu ya rupia, akajinunua. Wanahistoria wengi wamezitumia hati hizo kuonyesha siasa ya serikali. Mchambuzi wa maisha hana budi kuona jasho lililotangulia muhuri.

Yote yaliyotajwa ni karatasi. Uluguru kuna kumbukumbu nyingine isiyokuwa karatasi, nayo ni ukoo. Mluguru huhesabiwa kwa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na haki ya shamba hufuata njia hiyo. Historia za koo, ziwe za mdomo au za maandishi, huanza na swali la nani alifika kwanza, nani alifyeka msitu, na nani alimfuata. Padri Canute Mzuanda alitoa Historia ya Uluguru mwaka 1958, na haikuwa imepita miaka mingi tangu mwaka 1955, watu wa Matombo walipoinuka kuyapinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuyachimba katika mashamba yao. Katika nchi ambayo ardhi na uongozi vinabishaniwa, kusema asili ya mtu ni kusema haki yake. Peter Pels, ambaye alifanya uchunguzi Matombo na kutoa kitabu mwaka 1999 juu ya wamisionari na Waluguru, ameonyesha jinsi maandishi ya misioni na ya serikali yalivyoingia ndani ya mabishano ya namna hiyo.

Sasa afikiriwe mwanamke aliyeletwa mlimani akiwa mateka, asiye na mama wa ukoo hapo. Kwa kanuni ya ukoo wa mama watoto wake hawana pa kuhesabiwa, isipokuwa waingizwe katika ukoo wa waliompokea. Wakiingizwa, baada ya vizazi viwili hapana anayetofautisha; wanalima, wanaoa, wanazika na kuzikwa. Kuingizwa huko kunategemea jambo moja: watu wasiseme. Kimya cha wazee juu ya asili ya bibi fulani si usahaulifu, ni mkataba. Mwanachuoni anayefika na kalamu na kuuliza nani alikuwa mtumwa anaomba mkataba huo uvunjwe, na watakaolipa gharama si yeye, bali ni wajukuu walio na shamba.

Hapa ndipo shida kubwa ya kazi hii ilipo, wala haifai kupitwa juu juu. Kuna wanaosema kwamba haki ya marehemu yadai kila jina litangazwe. Mtumwa alinyimwa jina alipokuwa hai, asinyimwe tena akiisha kufa. Kuna wanaosema waachwe walipo. Hoja ya kwanza ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kimya hakiwafichi wajukuu wa mateka peke yao. Kinawaficha pia wajukuu wa watekaji. Ukoo uliouza watu wakati wa njaa au wa vita nao unapenda wazee wasiseme. Kimya kimoja kimewafunika wote wawili, na anayekiheshimu chote kwa jumla anamheshimu na muuzaji.

Lakini hoja hiyo yaweza kujibiwa kwa kutenganisha mambo mawili: maisha na asili. Asili ya mtu ni hesabu ya ukoo wake, na hesabu hiyo ni mali ya walio hai. Maisha yake ni yale aliyoyatenda: alivyomfuata mwanawe, alivyojikomboa, alivyotoroka, alivyomsimamia mtoto wa mwenziwe ubatizoni. Maisha yaweza kuandikwa kwa ukamilifu bila kumtaja mjukuu, shamba wala kijiji. Vivyo hivyo utekaji na uuzaji waweza kuandikwa kwa wazi, mwaka wake, njia zake na faida zake, bila kugeuzwa kuwa mashtaka dhidi ya jirani fulani wa leo. Tena ifahamike kwamba kile kimya chenyewe ni kazi ya mikono ya watumwa. Mwanamke aliyeingia ukoo asiokuwa na haki nao, akawaacha watoto wake wakiwa na haki kamili, alifanikiwa katika jambo ambalo hati ya Wadachi wala maji ya ubatizo hayakuweza kumpa. Kuufichua mwisho wa kazi yake ili kuonyesha mwanzo wake ni kumnyang'anya alichokipata kwa taabu.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayeyaendea madaftari ya Bagamoyo, Tununguo na Matombo ahitaji elimu zaidi ya ile ya kusoma Kifaransa, Kidachi na hati za mkono. Ahitaji kujua Kiluguru, maana majina yaliyoandikwa na masikio ya kigeni hayatambulikani mpaka yatamkwe na ulimi wa kwao. Ahitaji kusoma sentensi kabla ya kuhesabu watu, kwani hesabu ya watu waliobatizwa haisemi ni wangapi walisimama baadaye wakawa wasimamizi. Ahitaji pia haraka, kwa kuwa karatasi huliwa na mchwa na wazee hufa. Na zaidi ya hayo ahitaji adabu ya mgeni aliyekaribishwa barazani, ambaye husikia mengi na hurudi kwao akiwa ameyachukua yale tu aliyopewa.

Vikongwe wawili wa Dutumi hawatapata majina. Hapana daftari lililotangulia mwaka 1857 katika nchi hiyo, na aliyewaona hakuwauliza. Linalobaki kuandikwa juu yao ni dogo, lakini ni la kweli, nalo li katika kauli ya kutenda: walirudi kwao.